Mvuvi Mgeni na Ziwa Asilolijua

Kuna swali moja ambalo niliulizwa na mvuvi, nami nikalijibu kwa usahihi kabisa, lakini jibu langu halikumfaa kitu. Swali hilo nimelichukua moyoni kwa miaka kadhaa. Leo naona ni wajibu wangu kulileta mbele ya wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa linatuhusu sote tunaojiita watu wa sayansi.

Aliyeniuliza alikuwa rafiki yangu wa utotoni. Tulizaliwa Ukerewe, tukajifunza kuogelea siku zile zile, na mtumbwi wa kwanza tulioukalia ulikuwa wa baba yake. Mimi nilikwenda shule, kisha chuo kikuu, kisha nikapelekwa Norwei kusomea elimu ya maziwa hata nikapata shahada ya uzamivu. Yeye alibaki ziwani, na kwa kweli katika kazi ya mtumbwi yeye ndiye aliyekuwa profesa, na mimi mwanafunzi. Siku moja alinipigia simu kunieleza kwamba anahamia mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mapato ya kwetu yalikuwa yamepungua na shemeji yake alikuwa amempatia mahali pa kuanzia. Akaniuliza: "Ndugu yangu, wewe umelisoma ziwa lile. Likoje?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba ziwa lile lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470, hata hakuna ziwa linalolipita kwa kina duniani ila Baikal la Urusi. Nikamweleza kwamba maji ya juu huwa na joto la nyuzi 25 hadi 27, na kwamba lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato na furu, wengi wao wakiwa hawapatikani mahali pengine popote. Akanishukuru sana. Akasema, "Kumbe ni refu hivyo!"

Mwezi wa Julai wa mwaka uliofuata alitoka peke yake kwa mtumbwi mdogo kwenda kuvua kwa mshipi, asubuhi yenye jua zuri na mbingu safi. Mtumbwi ulipatikana siku ya tatu. Yeye hakupatikana.

Watu waliosikia habari ile walisema kwamba hakujua ziwa. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Rafiki yangu hakuwa mjinga wa maji. Alikuwa na ujuzi wa miaka 30. Baada ya kulifikiri jambo hili kwa muda mrefu nimefikia maoni haya: mvuvi mgeni mara nyingi hauawi na ujinga, huuawa na ujuzi, yaani ujuzi alioupata katika ziwa jingine. Na jambo ambalo lingemwokoa nilikuwa nalijua, si kwa vitabu tu, bali kwa kuwa lilikwisha nipata mimi mwenyewe.

Aibu iliyonifundisha

Miaka michache kabla ya simu ile nilikuwa Kigoma kwa kazi ya utafiti. Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilipata nafasi, nikaenda kwenye mwalo mmoja ulio kusini ya mji, nikamwomba mzee mmoja mvuvi aniazime mtumbwi wake wa mtu mmoja. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akatazama mbinguni, akatazama maji, kisha akasema: "Mtumbwi utaupata, mwanangu. Lakini leo usivuke ile ncha ya jabali."

Nami nikatazama. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Maji ya ghuba yalikuwa yametulia kama mafuta ndani ya sahani. Utotoni mwangu nilifundishwa kwamba hatari ya ziwa huja na wingu: ukiona weusi unapanda upande fulani wa mbingu, unakunja mshipi na kurudi nyumbani. Basi nilipoona hakuna wingu nilidhani kwamba mzee ananifanyia uangalifu wa kawaida wa wazee. Nikavuka ile ncha.

Kwa muda wa nusu saa mambo yalikuwa mazuri. Kisha nikatambua kwamba nyumba za mwaloni zimekuwa ndogo, ingawa sikuwa nimepiga kafi. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu na kunisukuma kuelekea katikati ya ziwa. Nikageuza omo. Nilipopiga kafi kwa nguvu zangu zote nilisimama mahali pamoja, na nilipopumzika kidogo nilirudishwa nyuma. Mawimbi yakaanza kuingia chomboni. Nikatupa jiwe la nanga. Kamba ya pima 20 ikaisha yote, na jiwe likabaki linaning'inia bila kugusa kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa katika ziwa langu.

Mzee alikuwa ameketi juu ya mwamba akinitazama tangu nilipotoka. Aliwatuma vijana wake wawili na mashua yenye injini, wakaufunga mtumbwi kamba na kunivuta hadi ufukweni. Hakucheka wala hakunigombeza. Alisema tu: "Mwalimu, ulikuja na ziwa la kwenu kichwani."

Nakiri pia kwamba sikuwa nimevaa jaketi la kujiokolea. Kule Norwei, katika Ziwa Mjøsa ambalo kina chake hupita mita 400 na maji yake ni baridi sana, hakuna aliyethubutu kuingia katika kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, bila ya kulivaa. Watu walilivaa kama wavaavyo viatu. Niliporudi nyumbani niliona haya kulivaa mbele ya wavuvi. Na kwa sababu ya haya hizo hizo sikumsimulia mtu yeyote habari ya siku ile. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Kwa maana rafiki yangu aliponiuliza ziwa likoje, nilimpa urefu na kina, lakini aibu yangu sikumpa.

Upepo usio na wingu

Tuyatazame sasa mambo yenyewe, tukianza na upepo.

Ziwa Victoria ni pana, na lina umbo la karai kubwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji yenye joto, hewa yenye mvuke hupanda, na hapo huzaliwa mawingu makubwa ya radi. Ndiyo sababu dhoruba kali za ziwa lile hutokea sana usiku wa manane na kuelekea alfajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dhoruba zinazotokea mchana juu ya nchi kavu inayolizunguka ziwa ni ishara ya kutazamia dhoruba za usiku ziwani. Kwa hiyo mvuvi wa Ukerewe hujifunza mambo mawili: aangalie wingu, na aogope usiku. Hujifunza pia, bila ya kuambiwa, kwamba upepo wa mchana ni rafiki, kwa kuwa ukimshinda humrudisha ufukweni.

Mchukueni sasa mtu huyo mumweke Kigoma mwezi wa Julai. Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba, limelala kati ya milima, na limeelekea kaskazini na kusini. Wakati wa masika nako kuna mvua za radi. Lakini kuanzia Mei hivi hadi Septemba huvuma upepo mkavu wa kusini-mashariki, nao hauhitaji wingu lolote. Siku ya hatari inaweza kuwa ndiyo siku ya mbingu safi kuliko zote. Aidha, ukiwa upande wa mashariki wa ziwa, upepo huo huja kutoka nchi kavu, na ukikushinda haukurudishi nyumbani. Unakupeleka kule ambako ng'ambo ya pili ni Kongo, umbali wa makumi ya kilomita.

Jambo la pili ni mawimbi. Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na urefu wa maji yaliyo wazi ambayo upepo umepita juu yake. Ufukweni, chini ya mlima, upepo hupita juu ya kichwa chako, na maji yaliyo mbele yako hayajapata nafasi ya kufanya mawimbi. Utulivu wa namna hiyo si utulivu wa ziwa. Ni kivuli cha mlima. Kadiri unavyokwenda mbele ndivyo unavyotoka katika kivuli hicho. Wenyeji hutambua mpaka wake kwa rangi: mahali upepo unapogusa maji, uso wa maji hukwaruzika na kuonekana kama mstari mweusi. Mzee wangu aliuona mstari ule. Mimi niliuona pia, lakini sikujua kwamba ni maandishi.

Tena nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya kujumlisha. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukisukuma chombo huongezeka mara nne. Mpiga kafi mzuri huenda kwa mwendo usiozidi sana ule wa mtu atembeaye kwa haraka, na mwendo huo hawezi kuudumisha kutwa nzima. Basi ipo kasi ya upepo ambayo ikifikiwa, mtu mmoja katika mtumbwi mdogo harudi kwa nguvu zake mwenyewe, hata awe hodari namna gani. Hili si suala la ushujaa, ni suala la hesabu.

Kina, nanga na macho

Waswahili husema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi tuliokulia Ziwa Victoria tunaliona kuwa bahari, na kwa upana ndivyo lilivyo, kwa kuwa eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini kwa kina ni sahani: wastani wake ni mita 40 hivi, na mahali penye kina kirefu kabisa hapazidi sana mita 80. Katika ghuba zetu jiwe la nanga hugusa chini karibu kila mahali. Kwa hiyo mvuvi wa kwetu huihesabu nanga kuwa kimbilio lake la mwisho.

Katika Ziwa Tanganyika wastani wa kina ni mita zipatazo 570. Mahali pengi mlima hauishii ufukweni, bali huendelea kushuka chini ya maji kwa mteremko ule ule, hata ukienda umbali mfupi tu kutoka miambani huna tena mahali pa kutia nanga. Anayetegemea jiwe na kamba hana kimbilio. Kinachoweza kumsaidia ni kitu kinachoshikwa na maji yenyewe: ndoo au gunia lililofungwa kwa kamba na kuburutwa kutoka omo. Halisimamishi chombo, lakini hupunguza mwendo wake na kukielekeza uso kwa uso na mawimbi, badala ya kukiacha kigeuke ubavu na kujaa maji.

Hata macho hudanganyika. Maji ya ghuba nyingi za Ziwa Victoria yana rangi ya kijani na hayaonyeshi mbali. Usipoona chini huwezi kudanganywa na chini. Maji ya Tanganyika ni maangavu, na nuru hupinda inapotoka majini kuingia hewani, kiasi kwamba ukitazama moja kwa moja chini, kitu kilicho kwenye kina cha pima 4 huonekana kama kipo kwenye pima 3. Mgeni huona mwamba uko karibu, akaruka ili asukume mtumbwi, akazama.

Vile vile umbali hudanganya. Mtu aliyeketi mtumbwini, macho yake yakiwa mita moja juu ya maji, upeo wake ni kilomita 3 na nusu hivi; kwa sababu ya mviringo wa dunia, kilicho chini zaidi ya hapo hufichwa na maji. Ufuko wa mchanga hupotea mapema, na kinachobaki ni vilele vya milima. Na wakati wa kiangazi, ukungu wa vumbi na moshi wa nyika huweza kuvifunika hata vilele hivyo. Wavuvi wenyeji hukabili jambo hili kwa kuchagua alama mbili za nchi kavu zilizo katika mstari mmoja, mathalani mti mkubwa na bonde lililo nyuma yake, na alama nyingine mbili za upande mwingine. Pale mistari miwili inapokatana ndipo walipo. Hii ni jiometri, ingawa hakuna aliyeipa jina hilo mwaloni.

Samaki wenye jina moja

Labda msomaji atasema kwamba nimeeleza habari za kufa tu, na mvuvi haendi ziwani kwa ajili ya kuogopa bali kwa ajili ya kupata. Hata katika kupata, ujuzi wa ziwa jingine humpotosha mtu.

Katika maziwa yote mawili kuna samaki aitwaye dagaa. Jina ni moja, lakini samaki ni mbalimbali: dagaa wa Victoria ni wa ukoo wa karibu na ningu, na dagaa wa Tanganyika ni wa ukoo wa sardini wa baharini. Kinyume chake, sangara wa Victoria na mgebuka wa Tanganyika wana majina mbalimbali, lakini ni ndugu wa jenasi moja. Hata hivyo undugu huo haumsaidii mvuvi sana, kwa maana sangara huweza kutafutwa karibu na tope la chini, na mgebuka ni mkazi wa maji ya wazi.

Mgeni akisikia kwamba ziwa lina kina cha zaidi ya kilomita moja, hufikiri kwamba samaki wakubwa wamejificha huko chini, akarefusha mshipi wake. Anavua jangwani. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yenye joto huelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo, na matabaka haya hayachanganyiki vya kutosha. Kwa hiyo oksijeni haifiki chini: upande wa kaskazini huisha kwenye kina cha mita 100 hivi, na upande wa kusini kwenye mita 200 na kitu. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa lile ni ghala lisilo na mlaji. Riziki ya mvuvi imo katika tabaka la juu, na katika ukanda mwembamba wa miamba na mchanga ulio karibu na ufuko, ambako kuhe na wenzake hukaa. Na hata tabaka hilo la juu halitulii mahali pamoja. Upepo wa kiangazi huyasukuma maji ya joto kuelekea kaskazini, na unapolegea matabaka ya ndani hupwita polepole kwa majuma kadhaa, kama maji ndani ya beseni lililosukumwa. Ndiyo sababu kina kilichompa mtu samaki mwanzo wa mwezi chaweza kumnyima mwisho wake.

Sisemi kwamba mgeni huja mikono mitupu. Yapo maarifa yanayosafiri. Mbalamwezi huwapunguzia riziki wavuvi wa dagaa wanaotumia taa katika maziwa yote mawili. Mtumbwi mwembamba hupinduka kwa anayesimama ndani yake popote pale, na maji yaliyoachwa ndani ya chombo hukimbilia ubavu ulioinama na kuuinamisha zaidi, iwe Mwanza au Kigoma. Hekima ya mgeni ni kutenganisha maarifa haya mawili: yale aliyoyachukua kutoka kwao yakiwa bado ni ya kweli, na yale ambayo alipaswa kuyaacha kwenye mwalo wa kwao.

Mgeni afanye nini

Kwanza, asitoke peke yake siku za mwanzo. Akae ufukweni alfajiri, mchana na jioni, atazame wenyeji wanatoka saa ngapi na, jambo lililo muhimu zaidi, wanarudi saa ngapi. Kisha apande mtumbwi wa mwenyeji kama mwanafunzi, hata kama nyumbani alikuwa nahodha.

Pili, aulize maswali yanayofaa. Asiulize kama ziwa ni kubwa. Aulize: upepo mbaya wa mwezi huu hutoka wapi, dalili yake ni nini, na ukinikuta nje nikimbilie ghuba ipi? Aulize pia kuhusu mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi kunakopambazuka, na mtumbwi mdogo usiwe kati yake na maji yake ya kina.

Tatu, apime mwenyewe. Kamba yenye uzito mwishoni na mafundo kila pima moja ni chombo cha kisayansi kamili. Aandike katika daftari: mahali, kina, siku, upepo, na samaki aliyepatikana. Baada ya miezi michache atakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani.

Nne, avae jaketi la kujiokolea, alivae mwilini, asilikalie. Maji ya baridi huua kwa dakika. Maji yetu ya joto huua kwa saa, kwa kumchosha mtu na kuuiba joto la mwili wake taratibu. Jaketi ndilo linalompa aliyeanguka nafasi ya kuonekana asubuhi.

Tano, amwambie mtu mmoja ufukweni anakwenda upande gani na atarudi lini. Mimi nilirudi kwa sababu hiyo tu: alikuwapo mtu aliyekuwa ananitazama.

Wapo watakaosema kwamba simu za siku hizi, zenye ramani na dira ndani yake, zimekwisha kuyamaliza matatizo haya. Sizidharau, nami nachukua yangu katika kopo lisilopitisha maji. Lakini simu humwambia mtu mahali alipo. Haimwambii kwamba nyuma ya ile ncha ya jabali kivuli cha mlima kinaishia.

Wengine watauliza kwa haki kabisa: kwa nini mwenyeji amfundishe mgeni aliyekuja kugawana naye samaki? Jibu langu ni kwamba tutofautishe siri mbili. Siri ya mwamba wenye samaki ni mali ya aliyeutafuta, na aifiche akipenda. Siri ya upepo si mali ya mtu. Anayeificha hafichi riziki, anaficha kaburi.

Deni letu

Hata hivyo maoni yangu hayawaelekei wavuvi kwanza. Yanatuelekea sisi. Ziwa Tanganyika limepimwa, limechorwa na kuandikiwa vitabu na watafiti wa mataifa mengi. Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Kigoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maziwa yetu makubwa. Elimu basi ipo. Lakini sehemu kubwa ya yale tunayoyaandika huchapishwa katika lugha ambayo mvuvi haisomi, kwa vipimo asivyovitumia, ili kujibu maswali ambayo hakuyauliza.

Napendekeza jambo dogo. Katika kila mwalo pawekwe ubao mmoja mkubwa, chini ya usimamizi wa vile vikundi vya wavuvi vinavyojulikana kwa jina la BMU. Juu ya ubao huo ichorwe ramani ya maji ya mwalo ule tu, vina vikiwa vimeandikwa kwa pima, pamoja na ghuba za kukimbilia, miamba ya hatari, alama za nchi kavu, na pepo za kila mwezi kwa majina yanayotumiwa na wenyeji. Mtafiti alete vipimo vyake, wazee walete kumbukumbu zao, na pale wanapopingana watoke pamoja mtumbwini wakapime. Chini yake utabiri wa siku uandikwe kwa chaki. Na kila mgeni anayekuja kujiandikisha asimamishwe mbele ya ubao huo pamoja na mwenyeji mmoja kabla ya kupewa ruhusa ya kutoka. Kazi hii haihitaji mtambo kutoka nje. Inahitaji rangi, mbao, na wasomi walio tayari kukaa chini ya mwembe na kusikiliza.

Napendekeza pia kwamba vyuo vyetu vimtake kila mwanafunzi wa elimu ya uvuvi akae walau msimu mmoja mwaloni kama mwanafunzi wa mvuvi. Atarudi akijua kwamba takwimu iliyo sahihi na takwimu inayofaa si lazima ziwe kitu kimoja.

Rafiki yangu hatanipigia simu tena. Lakini wapo wengi kama yeye wanaohama kutoka ziwa moja hadi jingine kila mwaka, kutoka Victoria kwenda Tanganyika, kutoka Tanganyika kwenda Rukwa, kutoka Rukwa kwenda Nyasa, kila mmoja na ujuzi wake na mtumbwi wake mdogo. Mmoja wao akiniuliza leo ziwa likoje, nitamjibu hivi: Ndugu yangu, mwezi wa Julai huko upepo huja bila wingu, na ukiwa upande wa mashariki unatoka nyuma yako. Nanga yako haitafika chini. Mtafute mzee wa mwalo, mpe shikamoo, na akikuambia usivuke ncha ya jabali, usivuke. Urefu wa ziwa nitakueleza siku utakaporudi.